Kalafati ya Taib

Kule mtaani Kuze mtu akifiwa hubebwa kama yai. Hapangi wala haulizwi, na hata mlango wake hafungi yeye. Watu humvisha kanzu, humtia kofia kichwani, humshika mkono na kumketisha wanapotaka wao, na akifungua kinywa kutoa shauri huambiwa, "Wewe pole, tuachie sisi." Ni heshima, na ni rehema pia, kwa kuwa mwenye msiba akili zake haziko naye. Gharib aliijua ada hiyo tangu utotoni, na yeye mwenyewe alikuwa ameshawabeba wengi namna hiyo. Asubuhi ile ilipokuwa zamu yake, alijiachia.

Habari ililetwa na utingo wa basi la kwanza kutoka Malindi. Alimkuta Gharib kibarazani, nyuma ya cherehani, anatia darizi kwenye shingo ya kanzu ya harusi ya watu.

"Makiwa, Bwana Gharib," alisema yule utingo, na hakukaa. "Taib hatunaye. Ameondoka alfajiri. Wazee wa Takaungu wamenituma nikwambie watakungoja mpaka alasiri. Zaidi ya hapo hawawezi."

Gharib aliichomoa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka pale anapoichomeka siku zote, kwenye kipande cha sponji kilichofungwa kwenye mguu wa meza. Kisha akakaa vivyo hivyo, mikono juu ya magoti.

Walizaliwa wawili tu, yeye na Taib. Baba yao alipokufa Gharib alikuwa mdogo, hakuruhusiwa kukaribia ukingo wa kaburi. Taib, ambaye ndevu zilikuwa bado hazijamtoka, ndiye aliyeshuka chini pamoja na wajomba, akampokea baba yake mikononi, akamlaza ndani ya mwanandani na kufungua vifundo vya sanda. Alipopanda juu magoti yake yalikuwa yamejaa udongo mwekundu, naye akamwambia nduguye maneno ambayo Gharib hakuyasahau: "Baba nimemshusha mimi. Mimi nikitangulia, utanishusha wewe. Usiwaachie watu."

"Na nikitangulia mimi?" aliuliza Gharib.

"Basi ntashuka tena mimi. Nshazoea."

Walicheka, wakiwa na machozi. Waliyarudia maneno hayo mara nyingi baadaye, ukubwani, kwa mzaha, kila walipotoka maziko ya mtu. Lakini Gharib alijua kwamba Taib hafanyi mzaha, na Taib alijua kwamba Gharib anajua. Kwa hiyo asubuhi ile, pale kibarazani, jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja tu. Alitaka afike Takaungu kabla ya alasiri, avue viatu, ashuke.

Yeslam, jirani yake mwenye duka la nafaka Kibokoni, alifika kabla majirani wengine hawajamaliza kukusanyika. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kulia, na macho yake yalikuwa mekundu tayari. "Gari langu liko mlangoni," alisema. "Basi jingine halitoki mpaka adhuhuri. Sisi tutakuwa tumeshavuka kivuko cha Mtwapa, tumeshafika, tumeshatawadha. Inuka, ndugu yangu."

Mtu mmoja akamvisha Gharib kanzu. Mwingine akafunga mlango wa duka. Shangazi yake, Mwanakuu, aliyewalea yeye na Taib, alishafika na buibui lake na tasbihi mkononi, akapandishwa upande wa dirishani. Gharib akatiwa katikati. Yeslam akashika usukani.

Pikapu ile ilikuwa ya kijani, kongwe, na kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya mchele na tende kutoka forodhani mpaka dukani. Ilikuwa haijatoka kisiwani muda mrefu. Mwaka uliopita rejeta yake ilianza kuvuja, maji yanachuruzika kwenye mshono wa tangi la juu, na kila mahali Yeslam alipoegesha aliacha dimbwi. Siku hizo Taib alikuwa mjini kwa kazi yake. Alikuwa fundi wa kalafati, mtu wa kuziba nyufa za majahazi kwa pamba iliyosokotwa na kuchovywa mafuta, kisha kupaka juu yake deheni ya shahamu ya papa na chokaa. Alipoliona dimbwi mbele ya duka la Yeslam alicheka mpaka akashika mbavu. "Bahari nzima siiachi ikaingia," alisema, "kikopo hiki cha maji ndicho kinishinde?" Akaenda kuchukua patasi yake ya mti na nyundo. Alipomaliza, pikapu haikuvuja tena.

"Na mpaka leo," Yeslam alikuwa anasema sasa, wakiipita Ngome na kupinda kuelekea Makadara, "mpaka leo, Gharib, haijatoka tone. Tone! Kila nikifungua boneti naiona kazi yake, nasema, mkono huu wa Taib, Mungu auweke pema. Wallahi gari hili linatwendesha leo kwa mkono wake."

Shangazi alijifuta jicho kwa ncha ya buibui. Gharib aliitikia kwa kichwa. Mbele yake, katikati ya dashibodi, palikuwa na saa ndogo ya joto, na mshale wake ulikuwa unapanda. Alidhani ndivyo mishale ifanyavyo.

Walipofika Buxton, karibu na nyumba za baraza la mji, boneti ilianza kutoa moshi mweupe pembeni. Shangazi ndiye aliyesema kwanza.

"Yeslam, mbona gari lako lafuka kana chungu cha wali?"

"Ni mvuke tu, mamangu."

"Na chungu nacho ni mvuke tu. Kisha wali waungua."

Yeslam akasimamisha gari kando. Daraja la Nyali lilikuwa pale chini, mwendo wa mtu kwenda kuazima chumvi na kurudi. Aliifungua boneti, akakifunika kifuniko cha rejeta kwa gunia na kukizungusha. Maji yakaruka juu kwa kishindo, naye akaruka nyuma anapepea vidole na kumtaja Mtume.

Gharib na shangazi walikuwa wameshashuka, na mvuke ukawapitia wote watatu usoni. Ndani ya mvuke ule Gharib alisikia harufu: mafuta ya papa na chokaa. Ilikuwa harufu ya kanzu za Taib, ya mto wa Taib, ya mkono wa Taib ukimpiga kofi la mgongoni siku ya Idi. Alishika mlango wa gari asianguke. Yeslam akadhani ni huzuni, akamkalisha kwenye ngazi ya gari. "Wewe pole," alisema. "Tuachie sisi."

Na kweli ilikuwa huzuni. Lakini palikuwa na kitu kingine ndani yake, kidogo kama mwiba wa samaki. Deheni haikuwa na shughuli ndani ya maji ya rejeta. Deheni mahali pake ni nje.

Mwanamke mmoja wa zile nyumba, Badria, aliwaletea debe la maji ya mfereji, akamchukua shangazi ukumbini kwake akae kivulini. Walingoja injini ipoe, wakajaza, wakawasha. Pikapu ilikwenda kutoka mti mmoja hadi mti wa pili, na mshale ukawa umefika tena kwenye nyekundu.

Watu walianza kukusanyika. Kila aliyefika aliuliza, akaambiwa ni maziko, akanyoosha mkono kwa Gharib: makiwa, Mungu amrehemu, Mungu akupe subira. Kisha alikwenda mbele ya gari kutoa shauri. Mmoja alisema mafuta yamepungua. Mwingine alisema injini imechoka, hata mtu huchoka. Gharib aliketi kwenye ngazi, ameshikwa mikono na watu asiowajua, na vivuli vya miti vilikuwa vinafupika.

Fundi aliyepatikana aliitwa Kavumbi. Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba za Buxton, mabati mawili juu ya nguzo, na shati lake la kaki lilikuwa na grisi nyingi kiasi kwamba lingeweza kusimama peke yake. Alikuja anatafuna muwa. Aliinama, akaisikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua, akatema makapi pembeni.

"Mkanda," alisema. "Mkanda wa feni umelegea. Feni inazunguka kama bibi arusi, na injini inataka upepo. Hii si kazi. Mkishukuru mtakuwa mmeshafika."

Aliukaza mkanda. Gari likawashwa. Wote wakatazama mshale, vichwa vimebanana dirishani. Ulipanda, ukasita, na Yeslam akasema alhamdulillahi. Kisha ukapanda tena.

"Aa," alisema Kavumbi, hakuonyesha aibu yoyote. "Basi ni thamosta." Akaeleza kwa sauti kubwa, ili kila mtu anufaike, kwamba ndani ya injini mna kizibo kinachofunga maji yakiwa baridi na kuyafungulia yakipata moto, na kwamba cha gari hili bila shaka kimekwama. "Tutakitoa tukitupe. Maji yapite bila kuomba ruhusa."

Wakati anafungua bomba la mpira ili akifikie kizibo, mkono wake uligusa ile sehemu ya juu ya rejeta. Akainama zaidi. "Hapa aliziba nani? Hii si lehemu. Hii ni... ni nini hii? Pamba?"

"Usiguse hapo!" Yeslam alimshika mkono. "Hiyo ni kazi ya marehemu. Yeye mwenyewe huyo tunayemwendea kumzika. Tangu alipoiziba haijavuja tone."

Kavumbi alivua kofia yake. Alitazama pamba ile kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi. "Kweli haivuji," alisema. "Mtu huyu alikuwa fundi. Basi shida haipo hapa. Rejeta isiyovuja haina neno." Akaivaa kofia, akarudi kwenye thamosta yake.

Gharib aliyasikia hayo yote. Alitaka kusema: shida ipo hapo hapo. Alijua jinsi nduguye alivyofanya kazi. Taib hakuwahi kuziba ufa kwa nje tu na kuridhika; siku zote aliingiza mkono na kupaka na ndani pia, apake tena, aongeze, kwa kuwa alimwogopa sana Mungu na bahari. Na deheni ni shahamu na chokaa. Baharini, kwenye maji baridi, hukaa miaka. Lakini mtu akiitia kwenye maji yanayochemka inakwenda wapi? Safari fupi za forodhani hazikuwahi kuichemsha sawasawa. Labda leo ndiyo mara ya kwanza.

Lakini atasemaje? Maiti hutajwa kwa wema wake. Hilo hufundishwa mtoto kabla ya alifu. Taib alikuwa bado hajafika kaburini, yumkini saa ile ndiyo alikuwa anaoshwa, maji yanamwagwa upande wa kulia kwanza, na huku nduguye wa pekee asimame njia kuu ya Buxton, mbele ya watu wasiomjua, aseme: aliyetukwamisha ni yeye. Kazi yake ilikuwa mbovu. Maneno hayo hayakutoka. Akashika tasbihi aliyopewa na mtu fulani, akaitembeza bila kuhesabu.

Adhana ya adhuhuri ikaita. Waislamu wakatawadha kwa maji yaliyobaki kwenye debe, wakasali kwenye majani kando ya njia, na Kavumbi, ambaye hakuwa wa dini yao, akaendelea kupigana na kizibo peke yake. Walipotoa salamu alikuwa amekitoa, amekiinua juu kama jino.

Ndipo lilipotokea basi la Malindi, linapanda taratibu kutoka mjini, mizigo juu mpaka mbinguni. Utingo aliyening'inia mlangoni alikuwa yule yule wa asubuhi. Alipomwona Gharib macho yalimtoka.

"Bwana Gharib! Bado uko hapa? Dereva, shika, shika! Panda, bwana! Nafasi ni moja, nitakusimamisha miguuni kwangu. Panda!"

Gharib aliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu yake ilikwenda bila kuvutwa. Aliweka mkono kwenye chuma cha mlango, mguu mmoja ukawa juu ya ngazi.

"Limekwisha hili!" alipiga kelele Kavumbi kutoka chini ya boneti. "Nakaza tu bomba!"

Na Yeslam akaja mbio, kanzu yake imetapakaa grisi, machozi yanamtoka. "Utakwenda kusimama kwenye basi, wewe, leo? Mwenye msiba asimame miguuni mwa utingo, na gari langu lipo? Nitamtazama nani usoni, Gharib? Wallahi basi hili tutalipita kabla halijafika kivukoni. Na shangazi yako je?" Mikono ya watu wengine ikamshika kwa upole, mmoja begani, mmoja kiwikoni. Walikuwa watu wema wote. "Tulia, bwana. Wewe pole. Tuachie sisi."

Mguu ukashuka. Hakuushusha yeye, na hakuuzuia usishuke. Utingo alimtazama kidogo, akapiga bati mara mbili, na basi likateremka kuelekea darajani.

Kavumbi alikaza bomba. Wakajaza maji, wakawasha. Mshale ukapanda mpaka juu, na mvuke ukatoka na harufu ile ile.

Shangazi Mwanakuu alikuwa ametoka ukumbini kwa Badria, amesimama ukingoni mwa njia.

"Lile lilopita si basi?" aliuliza.

"Ndilo, shangazi."

"Nawe uko hapa."

Gharib akageukia njia ya darajani.

Kavumbi alifuta mikono kwa tambara, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Imebaki gasketi," alisema. "Kama ni gasketi, kichwa cha injini lazima kifunguliwe chote. Hiyo ni kazi ya kutwa. Sitaki kuwadanganya."

"Si gasketi," alisema Gharib.

Watu wakageuka. Wengi wao walikuwa hawajamsikia akisema jambo tangu wafike.

"Ni rejeta. Fungua pale palipozibwa. Amepaka deheni ndani. Imeyeyuka, ikashuka kwenye vijibomba. Ni kazi ya ndugu yangu. Naijua."

Yeslam alitikisa kichwa, karibu amzibe mdomo kwa kiganja. "Astaghfirullahi, Gharib, usiseme hivyo leo. Leo, jamani! Marehemu alitufanyia hisani..."

"Yeslam," alisema shangazi. "Mtoto huyo nimemlea mimi. Kuku akimwagiwa mtama konzi moja, yeye alimwaga kibaba. Nikimtuma atie chumvi kidogo, mchuzi haulwi. Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mpana. Fungueni. Aliyekufa hana ugomvi na pamba." Kisha akamgeukia Gharib, na hakusema kwa ukali. "Kumbe ulijua."

"Nilisikia harufu."

"Mimi pia nilisikia," alisema shangazi, akarudi kivulini.

Kavumbi aliitoa rejeta yote, akaibeba mpaka bandani na kuisimamisha kwenye meza yake. Alimimina maji kwa juu. Maji yakakaa. Yalikaa pale juu kama kwenye bakuli, na chini, penye mdomo wa kutokea, likatoka tone, likafikiri, likatoka jingine. Kavumbi alipiga mluzi. Aliwasha taa yake ya kulehemia, akauyeyusha mshono wa tangi la juu, akaling'oa kwa koleo.

Ndani palikuwa peupe. Deheni ilikuwa imeshuka na kuganda juu ya midomo ya vijibomba kama samli kwenye mtungi wakati wa kipupwe, ngumu pembeni, laini katikati. Na juu yake ulilala uzi wa pamba, mrefu, uliokuwa umeachia mahali ulipopigwa kwa upande wa ndani.

"Nje hapakuwa na kosa," alisema Kavumbi, na alikusudia kufariji. "Nje hata leo haivuji. Ni ndani tu alizidisha." Alichukua waya mwembamba wa mwavuli. "Kila tundu lazima lizibuliwe. Ni mengi."

"Nipe mimi," alisema Gharib.

"Bwana, wewe kaa, wewe mwenye..."

"Nipe."

Ilikuwa kazi ya fundi cherehani, ndogo, ya macho karibu. Akavaa miwani yake, akakunja mikono ya kanzu, akainama juu ya rejeta. Kwanza aliushika ule uzi. Aliuvuta polepole, anauzungusha vidoleni, ukaja wote bila kukatika. Mafuta yalikuwa yameuhifadhi. Msokoto wake ulikwenda kinyume na misokoto ya mafundi wengine wote, kwa kuwa Taib alikuwa wa shoto. Gharib aliukunja mara moja, mara mbili. Hakujua pa kuuweka. Kavumbi alimwonyesha kwa kidevu rundo la takataka pembeni ya banda, lakini Gharib akautia kwenye mfuko wa kanzu, na doa la mafuta likaanza kuenea pale pale.

Kisha akaanza kuzibua. Alichoma waya, akauzungusha, akautoa na uji mweupe, akaupangusa kwenye tambara, akaenda tundu la pili. Yeslam alisimama kando ya nguzo, hana jingine la kufanya, anamimina maji ya moto anapoambiwa. Hakuna aliyemwambia Gharib pole.

Alikuwa bado hajafika katikati alipoisikia adhana. Ilitoka msikiti wa mbali, upande wa mjini, halafu msikiti mwingine ukaipokea. Alasiri.

Mikono yake ilisimama. Sasa wanasali. Sasa watamsalia Taib. Sasa jeneza linainuliwa, kwa kuwa waliahidi kungoja mpaka alasiri, na wametimiza, na njia ya kutoka mjini wameshaitazama vya kutosha. Kuna mtu anavua viatu. Nani? Labda binamu yao Idarus, ambaye ana mgongo mbovu. Labda mtu ambaye Taib hakupata hata kula naye. Mtu huyo anashuka, ananyoosha mikono juu, anampokea. Anatafuta kifundo cha sanda kwa vidole visivyojua, kifundo cha kichwani, cha kiunoni, cha miguuni, anakifungua.

"Gharib," alisema Yeslam kwa sauti ndogo sana. "Ndugu yangu. Nisamehe."

Gharib alikuwa na waya mkononi. Ndani ya tundu lililofuata kitu laini kilikwama, akakisukuma, akakisukuma tena kwa upole, kikaachia. Akainama zaidi, asionekane uso, akaendelea na tundu lingine, na lingine, mpaka yakaisha. Ilikuwa vibaya kuiacha kazi katikati.

Kavumbi alililehemu tangi, na ule ufa wa zamani akauziba kwa lehemu, kipande kirefu cha fedha pale ilipokuwa pamba. Akafunga kila kitu mahali pake. Wakajaza maji ya mfereji, wakawasha. Mshale ulipanda mpaka katikati ukasimama, na ukasimama, na injini ikanguruma kama paka aliyeshiba. Watu waliobaki walipiga makofi, kisha wakakumbuka, wakaacha.

"Twende?" aliuliza Yeslam, kama mtu asiyestahili kuuliza.

"Twende," alisema shangazi. "Matanga hayakimbii."

Walivuka daraja. Walingoja kivuko Mtwapa nyuma ya lori la mkonge, na injini haikupata joto hata walipokaa muda mrefu juani. Njia nzima Gharib aliutazama mshale. Haukutikisika. Aliona ni jambo la ajabu, jinsi kitu kinavyoweza kuwa kizima kabisa.

Takaungu waliwakuta watu wamerudi kutoka makaburini, wameketi kwenye mikeka mbele ya nyumba, wanasoma. Udongo kaburini ulikuwa umeshamwagiwa maji, na maji yenyewe yalikuwa yameshakauka. Gharib alipelekwa, akasimama hapo, akaomba, akarudishwa. Idarus alikaa karibu naye akimsugua goti.

"Tulikungoja sana," alisema Idarus. "Imamu alichelewesha kadiri alivyoweza. Nilishuka mimi, na kijana mmoja wa msikitini." Alitazama chini. "Mgongo huu, lakini nilishuka. Mlikuwa wapi? Nini kiliharibika?"

Yeslam alifungua kinywa. Uso wake ulikuwa tayari umeanza kukunjamana.

"Mkanda wa feni," alisema shangazi Mwanakuu kutoka mlangoni mwa wanawake, kwa sauti ya mtu aliyeishi na magari maisha yake yote. "Ulilegea. Mafundi wa siku hizi hawajui hata kukaza mkanda."

Idarus alimgeukia Gharib. "Mkanda tu?"

Gharib alikuwa na mkono mfukoni. Pamba ilikuwa bado na mafuta, na kwa joto la mwili ilikuwa imelainika, inafunguka vidoleni, uzi mmoja mmoja, kwa upande wa shoto.

"Mkanda," alisema. "Ungekuwa umekazwa na Taib, tungefika mapema."

Na wazee waliokuwa karibu wakasema kweli, Taib alikuwa fundi, Mungu amrehemu, na mmoja wao akaanza kusimulia jahazi aliloliziba mwaka wa mvua kubwa, ambalo mpaka leo halijaingiza maji.